Je, Ndege ni Mnyama? Somo la Chura wa Mtini na Kasuku wa Msitu wa Kakamega

Na Afisa wa Habari, Idara ya Mawasiliano ya Kaunti

Muhula uliopita nilitembelea shule moja katika Kaunti Ndogo ya Shinyalu kupiga picha za wanafunzi wakipanda miche. Mvua ilitukimbiza darasani kabla kazi haijaisha, kama kawaida ya mvua zetu za alasiri. Gredi ya 7 walikuwa katika somo la Sayansi Jumuishi, na ukutani palikuwa na chati mpya yenye picha mbili kubwa: chura wa kijani mwenye macho mekundu, na ndege mwekundu mwenye mkia mrefu. Mwalimu aliwataka wanafunzi wawalinganishe wanyama hao wawili. Msichana mmoja wa dawati la nyuma akainua mkono.

“Mwalimu, lakini ndege si mnyama. Ndege ni ndege.”

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Alinigeukia mimi niliyekuwa nimesimama mlangoni na kamera shingoni, akasema, “Mgeni wetu kutoka kaunti atatusaidia.”

Mgeni huyo alisomea uanahabari. Nilibabaisha jibu fulani, mvua ikakatika, nikaondoka. Swali lile lilibaki nami hadi ofisini. Nimelisomea tangu siku hiyo, nimewauliza wanaojua, na nimetembea Buyangu na Isecheno pamoja na waelekezi wa wageni. Haya ndiyo majibu ambayo ningempa msichana yule siku ile, na nimeyaandika kwa ajili yake na kwa kila mzazi anayesaidia kazi ya nyumbani jioni.

Kwanza, msichana hakukosea Kiswahili. Katika mazungumzo yetu ya kila siku, tukisema “mnyama” tunamaanisha ng’ombe, fisi au swara: mwenye miguu minne na manyoya. Samaki tunamwita samaki, nyuki tunamwita mdudu, na chura, maskini, mara nyingi hujikuta katika kundi la wadudu. Sayansi hutumia neno hilohilo kwa upana zaidi. Mnyama ni kiumbe hai asiyejitengenezea chakula kutokana na jua kama mmea, bali hula viumbe wengine. Mwili wake una seli nyingi, na katika maisha yake hufikia hatua ya kujongea mwenyewe. Kwa kipimo hicho ndege ni mnyama, chura ni mnyama, nyuki ni mnyama, na wewe unayesoma pia ni mnyama. Tena sarufi yetu ilishaliona hilo kabla ya wanasayansi. Neno “chura” lina umbo la ngeli ya ki-vi, na wingi wake ni “vyura”, lakini hakuna anayesema “chura kile kinalia”. Tunasema “chura yule analia”, kama tunavyosema “mtoto yule analia”.

Sasa turudi kwenye chati. Wanyama wale wawili ni wa Amerika. Chura mwenye macho mekundu huishi katika misitu ya Amerika ya Kati, na ndege yule ni kasuku mkubwa wa huko aitwaye makau, ambaye mkia wake peke yake unakaribia nusu ya urefu wa mwili. Chati haina kosa. Kilichonishangaza ni kwamba tulikuwa tumeketi kilomita chache kutoka msitu wenye chura wake wa mtini na kasuku wake, na hakuna aliyewataja, nami nikiwemo. Kwa hiyo somo hili litawatumia wetu, na wale wa Amerika watakuwa wageni wa kupita.

Chura wetu kwa jina la kisayansi huitwa Leptopelis mackayi. Amekuwa akilia msituni humu tangu enzi za mababu, ila kwenye vitabu hakuwa na jina lake hadi mwaka 2006, wanasayansi walipomweleza rasmi kuwa spishi ya pekee kutoka misitu ya magharibi mwa Kenya. Kati yao alikuwemo Mkenya, Beryl Bwong. Jina “mackayi” ni heshima kwa Alex Duff-Mackay, aliyekuwa mtaalamu wa amfibia na wanyama watambaao katika Makavazi ya Kitaifa ya Kenya. Fikiria hilo: mnyama wa Kakamega aliyepewa jina baada ya wengi wetu kuzaliwa.

Kasuku wetu ni kasuku wa kijivu, Psittacus erithacus. Urefu wake ni sentimita 33 hivi, na uzito wake ni karibu nusu kilo. Mwili wote ni wa kijivu isipokuwa mkia, ambao ni mwekundu kama kaa la moto. Makazi yake yanaanzia Afrika Magharibi, yanapita katika misitu ya Kongo na Uganda, na ukingo wake wa mashariki ni huku kwetu. Wengi tunalijua jina lake kwenye daftari la shule na kwenye mkebe wa mafuta uliogeuzwa kipimo sokoni. Waliomwona yeye mwenyewe akiruka juu ya msitu ni wachache, na wanazidi kupungua kwa sababu ambazo nitazieleza.

Wanafanana katika nini? Wote wawili wana uti wa mgongo, fuvu la kichwa, moyo, mapafu, na viungo vinne. Kiungo cha mbele cha kasuku kimekuwa bawa, lakini ukikitazama kwa ndani utakuta mfupa mmoja wa mkono wa juu, kisha miwili ya chini, kama ulivyo mkono wako; kwa chura miwili hiyo ya chini imeungana kuwa mmoja. Wanasayansi wanaeleza kuwa hiyo ni dalili ya ukoo mmoja wa kale sana. Njia za amfibia na za wale waliokuja kuwa watambaao, ndege na mamalia ziliachana zaidi ya miaka milioni 300 iliyopita. Kwa hiyo tukipanga ukoo wao, chura na kasuku wamo katika himaya moja ya wanyama na kundi moja la wenye uti wa mgongo, kisha wanatengana: mmoja ni amfibia, mwingine ni ndege.

Wote wawili pia ni wakazi wa mitini, na hapo kuna jambo la kupendeza. Kila mmoja amelitatua tatizo la kutoanguka kwa njia yake. Chura ana vidole vyenye ncha pana kama vifungo vya shati. Ncha hizo zenye unyevunyevu hugandana na jani hata likiwa limesimama wima. Kasuku ana vidole viwili vinavyotazama mbele na viwili vinavyotazama nyuma, kwa hiyo hushika tawi kama koleo la fundi. Mguu ukizidiwa, hutumia mdomo kama mguu wa tatu: huuma tawi, hujivuta, kisha hupanda. Mguu huohuo huinua tunda hadi mdomoni, jambo ambalo kuku wako hawezi.

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye ngozi, na hapa naomba tukae kidogo.

Ngozi ya kasuku imefunikwa na manyoya, na miguuni ina magamba. Manyoya hushika joto, humwaga maji ya mvua, na ndiyo yanayombeba hewani. Ndani yake mwili hujitengenezea joto lake, nyuzi 40 za Selsiasi au zaidi kidogo, kukiwa na baridi ya Julai au jua la Januari. Joto hilo lina gharama. Ni lazima ale kila siku, na kwa wingi: matunda, mbegu na kokwa, ambazo mdomo wake uliopinda huzipasua kama nyundo. Moyo wake una vyumba vinne, na damu safi haichanganyiki na iliyotumika.

Chura hana unyoya wala gamba. Ngozi yake ni nyembamba, imelowa ute, na kwake ni zaidi ya nguo. Ni kiungo cha kupumulia, kwa sababu sehemu ya hewa anayoihitaji hupita hapo moja kwa moja hadi kwenye damu. Ni mdomo wa kunywea pia. Chura hanywi maji kama ng’ombe, bali hukaa mahali penye unyevu, na ngozi ya tumbo lake hufyonza. Moyo wake una vyumba vitatu. Mwili wake hautengenezi joto la kutosha kujipasha, kwa hiyo hufuata hali ya hewa ilivyo. Watu husema ana “damu baridi”, ingawa akikaa penye joto damu yake nayo ina joto. Faida ni kwamba hahitaji chakula kingi, na anaweza kukaa siku kadhaa bila kula. (Na anapokula, hufumba macho, macho hayo hushuka ndani ya kichwa na kusaidia kusukuma mdudu kooni. Wanafunzi watalipenda hili.)

Ngozi inayopitisha hewa na maji haina mlinzi mlangoni. Dawa ya magugu inayosombwa na mvua kutoka shamba la miwa au la mahindi hadi kijitoni hupita palepale panapopita maji ya kunywa. Kuna pia ugonjwa wa kuvu unaoshambulia ngozi za vyura na ambao umeua amfibia wengi duniani. Kuvu hiyo imekutwa hapa Kenya vilevile. Ndiyo sababu wanaofuatilia afya ya mito huwauliza vyura kwanza. Kijito kilichokuwa na kelele za vyura usiku mvua zilipoanza, na sasa kiko kimya, kinastahili kuangaliwa kabla hatujateka maji yake.

Kuhusu uzazi, hawa wawili wako mbali kama mashariki na magharibi. Chura wa jamii ya Leptopelis huishi mtini, lakini jike hushuka chini wakati wa kutaga. Hufukia mayai ardhini, karibu na maji lakini si ndani ya maji. Mvua ikinyesha vya kutosha, viluwiluwi hutoka na kuelekea majini, ambako hupumua kwa matamvua kama samaki hadi miguu iote na mkia upotee. Yule wa Amerika ya Kati kwenye chati hufanya kinyume: hugandisha mayai kwenye jani lililoinama juu ya kidimbwi, na viluwiluwi wakianguliwa hudondoka majini. Nyoka akilivamia jani hilo, mayai hutambua mtikisiko, na viluwiluwi ambao walikuwa wamebakiza siku moja au mbili huanguliwa papo hapo na kujitosa majini. Nilirudia kusoma sentensi hiyo mara mbili.

Yai la chura halina ganda. Ni kama tone la uji mwepesi, na likikauka limekufa. Yai la kasuku lina ganda gumu, na ndani yake mna maji na chakula cha kinda hadi siku ya kutoka. Jike hutaga mayai mawili hadi manne katika tundu la mti mkubwa, hulalia kwa takriban siku 30 huku dume akimletea chakula, na makinda hukaa tunduni karibu miezi mitatu kabla ya kuruka. Kasuku mchanga huchukua miaka mitatu hadi mitano kabla ya kuzaa naye. Akifugwa vizuri anaweza kuishi miaka 40 na zaidi. Kwa ufupi, chura huweka akiba yake katika wingi wa mayai, na kasuku huiweka katika malezi.

Hesabu hiyo ndiyo inayoeleza hatari. Msimu mmoja mbaya ukiwapiga vyura, wachache waliobaki wanaweza kuujaza tena mto, mradi mto wenyewe uwepo. Lakini ukiiba makinda wawili kwenye tundu moja, umechukua kazi ya mwaka mzima ya wazazi wawili. Ukikata na mti wenyewe, umechukua pia nyumba ya miaka ijayo, kwa sababu kasuku hatoboi tundu. Hutumia lililokwisha kuwepo, na matundu hayo hupatikana kwenye miti mizee na iliyokauka ikiwa imesimama. Mti huo huonekana hauna kazi. Anayetafuta kuni huuona kuwa umetayarishwa na Mungu. Simlaumu, bei ya gesi naijua. Hata hivyo naomba tutofautishe kuni zilizoanguka, ambazo wenye kibali huruhusiwa kuokota, na mti uliosimama wenye matundu.

Na kwa nini makinda wanaibwa? Kwa sababu ya sauti. Chura dume hulia kwa kusukuma hewa kutoka mapafuni kupita kooni hadi kwenye mfuko wa ngozi unaovimba kama puto. Wimbo wake alizaliwa nao. Hajafundishwa na yeyote, na kila spishi ina wake, kiasi kwamba mtaalamu humtambua chura gizani bila kumwona. Kasuku hutoa sauti kutoka kwenye kiungo kilicho chini kabisa ya koromeo, pale njia ya hewa inapogawanyika kuelekea mapafu mawili, na sauti zake hujifunza. Msituni hujifunza kutoka kwa wenzake. Akifungiwa nyumbani hujifunza “hodi”, mlio wa simu, na kikohozi cha babu. Huko Marekani, mwanasayansi Irene Pepperberg alimfundisha kasuku wa kijivu aliyeitwa Alex kwa miaka 30, kuanzia 1977 hadi ndege huyo alipokufa 2007. Alex alijua majina ya zaidi ya vitu na sifa 100, rangi na maumbo yakiwemo, na alijibu maswali kama vitu viwili vinatofautiana katika nini. Yaani alifanya zoezi lilelile la Gredi ya 7.

Akili hiyo ndiyo iliyomponza. Kasuku wa kijivu wamekamatwa kwa wingi barani Afrika kwa biashara ya ndege wa kufugwa, huku misitu yao ikikatwa. Mwaka 2016 aliwekwa katika orodha ya kimataifa ya viumbe walio hatarini kutoweka, na mwaka huohuo, katika mkutano wa mkataba wa CITES mjini Johannesburg, nchi ziliamua kumpa kiwango cha juu kabisa cha ulinzi, ambacho kilianza kutumika Januari 2017. Biashara ya kimataifa ya kasuku waliokamatwa porini imepigwa marufuku.

Hapa kwetu, Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 inakataza kumfuga mnyamapori bila kibali cha Shirika la Huduma kwa Wanyamapori, KWS. Mwaka 2022 KWS ilitoa muda maalumu kwa waliokuwa na kasuku wa kijivu nyumbani kujitokeza na kuwasajili. Muda huo ulipita. Najua kuna boma ambako kasuku yuko kwenye kizimba tangu mzee wa nyumba akiwa hai, na wenye nyumba wanaogopa kumtaja. Ushauri wetu ni mmoja: nendeni wenyewe katika ofisi ya KWS iliyo karibu mkaeleze alivyopatikana, kabla jirani hajaeleza kwa niaba yenu. Msimwachilie msituni usiku kwa hofu. Ndege aliyelelewa kwa ugali hajui kutafuta kokwa, na anaweza kuwapelekea wa porini magonjwa. Na anayekuja kijijini akiuza kinda akisema amemwokota, usimnunue hata kwa huruma. Fedha hiyo ndiyo itakayomrudisha kwenye tundu la pili.

Kwa wenye mashamba yanayopakana na msitu au vijito: acheni ukanda wa majani na miti ya kienyeji kando ya maji, msioshe pampu za dawa mtoni, na msizibe kinamasi kidogo mkidhani ni ardhi ya bure. Mayai ya chura yamo katika udongo huo.

Kazi ya nyumbani kwa wanafunzi wa Gredi ya 6 hadi 9. Mvua ikishanyesha, kaa nje na mzazi kuanzia saa moja hadi saa mbili usiku, karibu na kijito au mtaro ulio salama. Hesabu umesikia milio mingapi tofauti ya vyura, si vyura wangapi. Andika kila mlio kwa herufi unavyousikia. Kisha muulize kukhu au mzee mwingine wa nyumbani: alipokuwa na umri wako, aliwahi kuona kasuku wa mkia mwekundu, na alikuwa akiruka kutoka upande gani kwenda upande gani? Andika jina la kijiji na mwaka kwa kukadiria. Walimu wakusanye majibu na kuyaleta katika ofisi ya wadi. Tutayachapisha katika toleo lijalo. Chati ya shule ile ya Shinyalu tayari ina nafasi tupu chini ya picha ya makau, na mwalimu ameniambia msichana wa dawati la nyuma ndiye atakayeichora.